Sura ya 4: Avoka Yangu Itazaa Lini?

Ukijulikana mtaani kwamba unaelewa kidogo mambo ya miti, kuna swali moja utakaloulizwa kila mahali Bukavu, iwe Kadutu, Bagira, Panzi au Muhumba. "Nimepanda avoka nyumbani, nimeiotesha mwenyewe kwa mbegu. Sasa ina miaka minane, imepita paa la nyumba, lakini sijaona hata tunda moja. Shida ni nini?" Mwingine atakuambia kwamba mti wake unazaa, ila matunda ni madogo, yana nyuzi na ladha ya maji, hali mbegu aliitoa kwenye avoka tamu aliyonunua sokoni.

Maswali hayo mawili yana jibu moja. Mara nyingi mti hauna ugonjwa wowote. Yaliyoupata yaliamuliwa siku mbegu ilipoingia ardhini, na sura hii inaeleza kwa nini ni hivyo na unaweza kufanya nini. Inafaa kulielewa jambo hili vizuri, kwa sababu avoka (parachichi, kwa wasomaji wa Tanzania na Kenya) ni chakula cha kweli katika mji wetu. Tunaila na maharagwe, na bugali na sombe, na mkate asubuhi. Barabara ya kutoka Kabare au Kalehe ikiharibika, bei ya sokoni inapanda upesi. Mti mmoja mzuri nyumbani unawapa watoto mafuta na nguvu mwilini, na unampa mama beseni la kuuza.

Mbegu si nakala ya mama

Tunda la avoka unalolikata leo lilitokana na ua, na ua hilo liliingiwa na chavua, yaani unga wa kiume wa maua, ambao huenda nyuki aliutoa kwenye mti wa jirani. Nyama ya tunda ni ya mti mama peke yake, ndiyo maana matunda ya mti mmoja yana ladha moja. Mbegu iliyo ndani ni jambo lingine: ina damu ya mama na ya baba. Watoto wa baba na mama mmoja hawafanani, na mbegu za avoka ni vivyo hivyo. Ukipanda mbegu kumi za mti mmoja mtamu, utapata miti kumi tofauti. Mmoja unaweza kuipita mingine yote kwa ubora, kadhaa itakuwa ya wastani, na mingine itakusikitisha.

Jambo la pili ni muda. Mti uliotoka kwenye mbegu hupitia utoto mrefu ambamo unajenga shina na majani tu. Avoka ya mbegu huanza kuzaa ikiwa na miaka 5 hadi 10, na mingine huchelewa zaidi ya hapo. Huwezi kuuharakisha sana kwa samadi. Ukiulisha kupita kiasi, utazidi kutoa majani.

Njia ya kutoka hapo inaitwa kubebesha. Kubebesha ni kuchukua kipande cha tawi la mti unaoujua, mti ambao tayari unazaa matunda mazuri, na kukiunganisha juu ya shina la mche mchanga mpaka viwili hivyo vishikane na kuwa mti mmoja. Mafundi wengi wa kwetu husema kugrefe. Mizizi inakuwa ya mche mchanga, lakini matawi na matunda yote ni ya ule mti uliouchagua. Na kwa kuwa tawi hilo limetoka kwenye mti mzima uliokwisha pita utoto, linaweza kuanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4.

Watu wawili waliouonyesha ulimwengu jambo hili

Katika jimbo la Louisiana, Marekani, kuna mti unaoitwa pekani. Unazaa kokwa zenye mafuta mengi ndani ya ganda gumu. Kwetu hauwezi kustawi vizuri, kwa sababu unahitaji majira ya baridi ya kuupumzisha, na Bukavu hatuna. Lakini tabia yake ni ile ile ya avoka: mbegu yake haimrudishi mama. Watu walihangaika muda mrefu kuongeza miti yenye kokwa kubwa za ganda jepesi bila kufanikiwa. Aliyefaulu alikuwa mtunza bustani aliyeitwa Antoine, mtu mweusi aliyekuwa mtumwa katika shamba la Oak Alley. Katika majira ya baridi ya mwaka 1846 kuingia 1847 alibebesha miti 16 kwa matawi ya pekani moja bora, na ikashika. Mwaka 1876 kokwa za miti ya aina hiyo zilipata tuzo kwenye maonyesho makubwa ya Philadelphia, na aina hiyo ikaitwa Centennial. Kilimo cha pekani tunachokijua leo kinasimama kwa sehemu kubwa juu ya ufundi wa namna ile, na historia imehifadhi jina moja tu la fundi huyo.

Wa pili ni Rudolph Hass, tarishi wa posta huko California. Katika miaka ya 1920 alipanda mbegu za avoka nyumbani kwake. Mche mmoja ulikataa kubebeshwa, akataka kuukata. Uliachwa ukue, ukazaa matunda yenye ngozi nyeusi yenye vipele na nyama laini yenye mafuta mengi. Mwaka 1935 alipata hati ya haki juu ya mti huo. Mti mama wenyewe ulikufa mwaka 2002 kwa ugonjwa wa kuoza mizizi. Hata hivyo hakuna kilichopotea, kwa sababu kila avoka ya Hass duniani, kuanzia Mexico hadi Murang'a nchini Kenya, ni tawi la mti ule, lililobebeshwa kizazi baada ya kizazi.

Kwa ufupi:
- Mbegu huzaa mti mpya usiojulikana. Kubebesha huendeleza mti unaojulikana.
- Mti wa mbegu: subiri miaka 5 hadi 10 au zaidi. Mti wa kubebesha: miaka 3 au 4.
- Mti bora ukikatwa kabla ya kubebeshwa, umekwisha. Hakuna mbegu itakayourudisha.

Nichague avoka gani?

Avoka zilitoka Mexico na Amerika ya Kati, na ziko koo tatu kubwa. Ukoo wa Mexico na ule wa Guatemala ulizoea milima, unavumilia ubaridi. Ukoo wa tatu, wa pwani na visiwa vya joto, unapenda nchi za chini. Bukavu tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na Ziwa Kivu lenyewe liko kwenye mita 1,460. Kwa hiyo aina za milimani kama Hass na Fuerte zinatufaa. Ndugu zetu wa Uvira na wa bonde la Ruzizi, walio chini yetu kwa mamia ya mita, wanaweza kustawisha avoka kubwa za ukoo wa joto.

Lakini usifikiri kwamba avoka nzuri lazima iwe na jina la kigeni. Kila mtaa una mti ambao wote wanaujua, ule ambao wanunuzi wanakuja kuuwekea oda kabla matunda hayajashuka. Mti huo umekwisha kuthibitisha kwamba unaipenda mvua yetu, udongo wetu na ubaridi wetu. Kabla ya kuuchagua, muulize mwenye mti mambo haya: unazaa kila mwaka au unaruka mwaka mmoja? Matunda yana nyuzi? Mbegu ni kubwa kuliko nyama? Yakikaa siku kadhaa baada ya kuiva, yanakuwa meusi ndani? Kama majibu ni mazuri, omba matawi machache. Mti haudhuriki.

Kupata mche

Njia ya kwanza ni kununua mche uliokwisha kubebeshwa. Upande wetu hatuna haja ya kutafuta mbali watu wenye ujuzi wa mimea. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Mulungu, katika Kabare, kilianzishwa enzi za INEAC, shirika la Wabelgiji la mwaka 1933, na tangu 1970 kiko chini ya INERA, taasisi ya taifa ya utafiti wa kilimo. IITA, taasisi ya kimataifa ya kilimo cha nchi za joto, ina kituo chake Kalambo, na vyuo vikuu vya mji vinafundisha maagronomu kila mwaka. Uliza huko ni fundi gani wa miche anayeaminika, kisha nenda ukauone mche kwa macho yako. Angalia haya:

1. Kovu la muungano lionekane wazi kwenye shina, limefunga pande zote. Shina lililonyooka bila kovu lolote ni mche wa mbegu, hata muuzaji akiapa.
2. Tawi lililobebeshwa liwe limekwisha kutoa majani mapya yaliyokomaa.
3. Majani yawe ya kijani, ncha zisiwe zimeungua na kuwa kahawia.
4. Mizizi isiwe imejizungusha chini ya sashe. Mche uliokaa sana kwenye sashe hubeba mzunguko huo maisha yote.
5. Muuzaji aweze kukuambia mti mama uko wapi. Asiyejua, mche wake ni bahati nasibu.

Njia ya pili ni kuotesha na kubebesha mwenyewe. Inahitaji mwaka mmoja wa uvumilivu na kisu kikali, na fedha kidogo sana.

Chukua mbegu kwenye tunda lililoiva lililotolewa mtini. Usiokote zilizolala chini, kwa sababu udongo unaweza kuwa umeziambukiza ugonjwa wa kuoza mizizi. Osha mbegu vizuri. Ukiwa na kipimajoto, iloweshe dakika 30 katika maji ya nyuzi 49 hadi 50 za joto, ndipo uipoze. Hapo vimelea vya ugonjwa huo vinakufa na mbegu inabaki hai. Usiiache ikauke: mbegu ya avoka ikikauka, imekufa, na hata ikitunzwa vizuri haikai wiki nyingi.

Tayarisha sashe au kipande cha bidoni chenye matundu chini. Changanya sehemu 3 za udongo mweusi wa juu, 1 ya samadi iliyooza kabisa na 1 ya mchanga. Weka mbegu upande mnene ukiwa chini na ncha ikiwa juu, ncha ichungulie kidogo. Weka kivulini, mwagilia bila kulowesha kupita kiasi. Mche utatokeza baada ya wiki 4 hadi 8. Otesha mbegu zaidi ya idadi ya miti unayotaka, maana si kila muungano unashika.

Kubebesha hatua kwa hatua

Mche ukifika unene wa kalamu ya risasi, kwa kawaida ukiwa na miezi 5 hadi 8, uko tayari.

1. Kata kikonyo. Kikonyo ni kipande cha tawi utakachobebesha. Chagua ncha ya tawi lililo juani, lenye unene sawa na mche wako, urefu wa sentimita 10 hadi 15, na macho yaliyovimba bila kufunguka. Kata majani, uache vishina vyao vifupi tu. Kifunge ndani ya kitambaa chenye unyevu na ukitumie siku hiyohiyo.
2. Safisha kisu kwa alkoli au moto, na nawa mikono.
3. Kata kichwa cha mche kwenye urefu wa sentimita 20 hivi. Pasua katikati ya shina kwenda chini sentimita 3 au 4.
4. Chonga mwisho wa kikonyo pande mbili, uwe kabari ya urefu huohuo. Usiguse sehemu iliyochongwa kwa vidole.
5. Ingiza kabari ndani ya mpasuko. Chini ya ganda la mti kuna utando mwembamba wa kijani, na huo ndio sehemu hai inayotengeneza mti. Utando wa kikonyo lazima ugusane na utando wa mche, angalau upande mmoja. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibika: wanaoweka kikonyo katikati kwa uzuri, huku tando hazigusani, hupata tawi lililokauka.
6. Funga kwa nguvu kwa ukanda wa plastiki, kutoka chini kwenda juu, maji yasiingie.
7. Funika kikonyo kwa kisashe kinachopitisha mwanga ili kisikauke, na uweke mche kivulini.

Macho yakianza kufunguka, baada ya wiki 3 hadi 6, toa kisashe. Kila chipukizi kinachotoka chini ya muungano kiondoe mapema, kwa sababu ni cha mche wa mbegu na kikiachwa kitamshinda mgeni wake. Ukanda wa plastiki ulegeze kabla haujaanza kulikaba shina.

Na ule mti mrefu wa miaka minane? Nao unaweza kubebeshwa. Fundi anaukata mwanzoni mwa mvua, anaacha tawi moja la kuvuta maji, kisha anabebesha vikonyo kwenye machipukizi mapya yanayotoka kwenye kisiki. Kwa kuwa mizizi imekwisha kukomaa, mti hurudi kuzaa upesi. Hiyo ni bora kuliko kuung'oa na kuanza upya.

Ardhi ni ya nani?

Kabla ya kuchimba shimo, jibu swali hili. Katika desturi ya Bushi, mwenye ardhi ya bwasa, yaani shamba la kukodi kwa muda, anaruhusiwa mimea ya msimu tu: maharagwe, mahindi, muhogo. Kupanda mti wa kudumu ni haki ya mwenye kalinzi, yaani ardhi aliyopewa yeye na warithi wake. Wazee waliona kwamba anayepanda mti anadai kubaki. Mjini mambo yamebadilika, lakini ugomvi wa namna hiyo haujaisha. Ukiwa mpangaji, zungumza kwanza na mwenye parseli, na mkubaliane matunda ni ya nani. Asipokubali, bado unaweza kuotesha na kubebesha miche kwenye sashe na kuiuza. Miche inahama na mwenyewe.

Mlima, maji na mizizi

Avoka inakufa zaidi kwa maji kuliko kwa kiu. Mizizi yake iko juujuu: mingi iko ndani ya sentimita 60 za kwanza za udongo, na inahitaji hewa. Maji yakituama, kimelea cha kuoza mizizi, kilekile kilichoua mti wa Hass, kinapata nafasi. Majani yanakuwa madogo na ya njano, ncha za matawi zinakauka, na mti unaonekana una kiu ingawa ardhi imelowa. Wengi hapo huongeza maji, na ndipo wanapoumaliza.

Udongo wetu mwekundu wa mfinyanzi unashika maji. Ujaribu hivi: chimba shimo la sentimita 50, lijaze maji, liache linywe, kisha lijaze tena. Maji ya pili yakibaki mpaka kesho yake, usipande hapo chini. Tengeneza tuta pana la udongo mzuri, urefu wa sentimita 30 hadi 50, na upande juu ya tuta.

Mteremko unasaidia kupitisha maji, ila una masharti yake:
- Chimba ngazi ndogo, mti ukae mahali pa bapa.
- Maji ya paa yapitishwe pembeni kwa mfereji, yasimwagike kwenye shina.
- Acha mita 6 hadi 8 kati ya mti na nyumba, ukuta au choo.
- Usipande ukingoni mwa korongo ukitumaini kwamba mti utalishika. Mizizi ya juujuu haizuii kilima kinachotembea. Kule Funu, ambako mlima mzima unateleza polepole, tatizo liko chini sana kuliko mzizi wowote wa avoka.

Siku ya kupanda

Panda mvua zikishatulia, Septemba mwishoni, Oktoba au Novemba mwanzoni. Mti unapata miezi saba hivi ya mvua kabla ya kiangazi cha Juni.

Chimba shimo la sentimita 60 kila upande. Udongo mweusi wa juu uweke kando, mwekundu wa chini upande mwingine. Changanya ule mweusi na ndoo 1 au 2 za samadi iliyooza. Samadi mbichi inaunguza mizizi. Kata sashe kwa wembe, itoe yote, na usivunje bonge la udongo. Mche usimame kwenye kina kilekile uliokuwa nacho kwenye sashe, na kovu la muungano libaki juu kabisa ya ardhi. Rudisha udongo, ukandamize kwa mikono tu, mwagilia, kisha funga mche kwenye kijiti.

Mbuzi wa jirani anaweza kumaliza kazi ya mwaka kwa dakika tano. Jenga uzio wa vijiti siku hiyohiyo.

Viangazi viwili vya kwanza

Mti ukivuka viangazi viwili vya kwanza, umeokoka. Juni, Julai na Agosti ndipo miche mingi hufa, baada ya mwenyewe kuona mvua imeistawisha na kuisahau.

Tandaza majani makavu ya migomba, nyasi au maganda ya maharagwe kuzunguka mti, unene wa sentimita 10, ukiacha nafasi ya kiganja kimoja kutoka kwenye shina. Mwagilia lita 10 hivi mara mbili kwa wiki, lakini kwanza ingiza kidole: udongo ukiwa na unyevu, subiri. Tunajua maji ya bomba yanavyokatika kwetu. Maji uliyooshea mboga yanafaa. Yenye chumvi au sabuni hayafai, avoka haiwezi chumvi. Paka shina chokaa iliyochanganywa na maji, kwa sababu jua kali linaunguza ganda changa. Samadi weka nusu ndoo mara mbili kwa mwaka, Septemba na Februari, mbali kidogo na shina.

Onyo moja kwa wafugaji. Nyumba nyingi za Bukavu zinafuga sungura na simbilisi, wale tunaowaita kobai. Samadi yao ni nzuri sana kwa avoka. Lakini majani ya avoka usiwape, wala mbuzi: yana sumu inayodhuru moyo na maziwa ya wanyama hao. Matawi ukiyapunguza, yazike au yatandaze mbali na mabanda.

Maua mengi, matunda machache

Mti ukichanua, utaona maua kwa maelfu, kisha karibu yote yataanguka. Usiogope. Hata tunda moja kwa maua elfu linatosha kuujaza mti.

Ua la avoka lina sehemu ya kike na ya kiume, ila hazifunguki pamoja. Aina zinazoitwa A, kama Hass, hufunguka kama jike asubuhi, zinafunga, kisha hufunguka kama dume mchana wa siku ya pili. Aina B, kama Fuerte, ni jike mchana na dume asubuhi inayofuata. A na B zikikaa jirani, kila moja inaipa nyingine chavua kwa wakati wake. Huhitaji kupanda miti miwili katika parseli ndogo. Jirani yako apande aina moja, wewe nyingine, nyuki watafanya kazi. Msipulizie dawa za wadudu wakati wa maua.

Mwaka wa kwanza wa kuzaa, toa vitunda vingi na uache vichache tu, mti ujenge matawi. Baadaye upunguze kimo, usizidi mita 5. Watoto wengi wamevunjika mikono kwenye avoka ndefu.

Kuvuna

Avoka haiivi mtini. Inakomaa mtini na kuiva nyumbani. Kujua kama imekomaa, chuma moja na uiweke ndani. Ikilainika ndani ya siku 7 hadi 10 bila ngozi kujikunja, na mbegu yake imevaa ganda la kahawia, nyingine zinaweza kufuata. Ikinyauka na kuwa kama mpira, subiri wiki chache. Kata ukiacha kishina kifupi kwenye tunda, na usiziangushe chini. Tunda lililojigonga linaoza kuanzia ndani, na mnunuzi hatarudi.

Kalenda ya kuanzia:
- Septemba hadi Novemba: otesha mbegu, tembelea mtaa ukichagua mti mama.
- Machi hadi Mei: bebesha.
- Juni hadi Agosti: miche ikae kivulini, imwagiliwe, chimba mashimo.
- Oktoba: panda.

Miti mama ya mji wetu

Bukavu inajazana. Parseli zinagawanywa mara mbili, mara tatu, na kila nyumba mpya inapojengwa kuna avoka ya zamani inayokatwa na kuwa makaa. Mingi ya miti hiyo ya zamani ilitoka kwenye mbegu, kwa hiyo kila mmoja ni wa pekee duniani. Iko ambayo ladha yake haipatikani Kenya wala Mexico, iliyozoea mvua yetu kwa miaka mingi, na hakuna aliyeiandika popote. Siku inapoanguka, aina nzima imetoweka, hata kama mbegu zake elfu moja zilisambaa mjini.

Kuiokoa kunagharimu vikonyo vichache na mchana mmoja. Kwa hiyo kabla ya msimu ujao wa kubebesha, nenda kwa mama au mzee mwenye ule mti unaosifiwa mtaani kwenu. Mwombe matawi sita. Bebesha miche sita, mrudishie mmoja, panda mmoja kwako, na minne igawe kwa majirani. Mtaa ukifanya hivyo kwa mti mmoja tu kila mwaka, baada ya miaka michache avoka bora za Bukavu hazitategemea tena uhai wa shina moja wala uamuzi wa mwenye parseli mmoja.